Majani Mengi

Mama Kyalo hakupenda bustani. Naanza na hilo kwa sababu Jumapili iliyopita, kwenye maombi nyumbani kwake mtaani Jericho, mwanawe Kyalo alisimama na karatasi akatusomea wasifu wa marehemu, na katikati ya wasifu huo, baada ya kuokoka na kabla ya wajukuu, akasema mamake alikuwa mpenzi wa bustani, mwanamke aliyegeuza uwanja wake kuwa shamba la mboga. Watu wakaitikia "mmh". Mwanamke mmoja wa kanisani akafuta machozi. Mimi nilikuwa kwenye benchi ya mwisho karibu na mlango wa nyuma, mtoto wangu mdogo amelala mapajani, na kama si huyo mtoto ningesimama. Kyalo hakuwepo mboga hizo zikilimwa. Mwaka ule wote alikuja mara mbili, na mara zote mbili alikaa kwenye sofa, akala, akaondoka bila hata kufungua mlango wa nyuma. Mboga zile nilizipanda mimi. Mamake alizichukia, tena kwa sauti, kila asubuhi, na mtu aliyechukia kitu kwa uaminifu namna ile hafai kusingiziwa mapenzi eti kwa sababu amekufa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na binti yangu Shiru alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Sitaeleza tulikotoka wala baba yake aliko. Yeye ana mdomo, ajieleze. Tulikodi chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya Mama Kyalo, zile nyumba za zamani za kanjo, baraza la jiji, vyumba viwili mbele na uwanja nyuma. Ndani ya chumba changu palikuwa na kitanda, stovu ya mafuta taa, ndoo mbili, na msumari ambao nguo zetu zote zilining'inia. Kati ya mlango wangu na mlango wake wa jikoni palikuwa na udongo mtupu, hatua tisa kwa hatua saba. Majirani wote walikuwa wamejaza nyanja zao vyumba vya wapangaji mpaka ukuta kwa ukuta. Yeye alikataa. Ule uwanja ulikuwa wa kufagiwa. Kila asubuhi, jua likiwa bado linafikiria, alinyunyiza maji kutoka kwenye mkebe, akainama na mkono mmoja mgongoni, akafagia akirudi kinyumenyume ili asikanyage alipokwisha kufagia, chwaa, chwaa, na akimaliza udongo ulikuwa na mistari kama kichwa kilichochanwa kinachongoja kusukwa. "Uwanja ukiota magugu," aliniambia siku niliyohamia, kabla hata hajaniuliza jina, "watu hujua mwenyewe amekufa." Nikafikiri, mama huyu ana wazimu. Nikaenda kulala.

Kazi yangu ilikuwa kukata kachumbari kwenye hoteli moja ya nyama choma pale soko la Burma. Nyanya, vitunguu, dania, pilipili, asubuhi hadi jioni, vidole vimeshika harufu ambayo sabuni haikuiweza. Shiru nilimwacha na Mama Kyalo, ambaye alimpenda tangu siku ya kwanza kwa namna ya kuniudhi, maana mimi hakunipenda. Basi siku moja nikaona mtoto amekaa chini pale uwanjani analamba udongo. Si kucheza, analamba, taratibu, kama mtu anayekula asali. Mama Kyalo akampiga kakofi mkononi akasema, "Huyu mtoto anatafuta kitu." Nikampeleka kliniki. Sista akachukua kiganja cha Shiru, akakifungua, akakiweka kando ya changu. Changu kilikuwa na rangi. Chake kilikuwa kama uji. Akamtoboa kidole, akasoma mashine, akaandika kwenye kadi bila kuniangalia. "Damu iko chini sana, mama. Hii dawa ya chupa ni kila siku. Umpe ini, maharagwe, mboga za majani kwa wingi. Urudi baada ya miezi mitatu. Kama haijapanda, tunamlaza, anaongezwa damu." Kisha akaita, "Anayefuata." Hivyo tu. Nilisimama nje ya lango nimeinamia kile kijikadi, na watu wakadhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa na hasira za mtu ambaye hajui ampige nani.

Ini! Mimi nilishinda siku nzima katikati ya maini. Yalining'inia dirishani kwa mchinjaji wa jirani, meusi, yanang'aa, na mimi nikapita chini yake na beseni langu la vitunguu, na mtoto wangu hana damu. Kununua sikuweza, na bosi wangu alijua kila mfupa ulipolala. Nilibaki na mboga. Na hata mboga nilinyimwa siku moja kwa masikio yangu. Kulikuwa na mwanamke aliyetuletea sukuma wiki kwa magunia, majani mapana yanayong'aa, na mpishi akamuuliza, "Niaje mathe, hizi umezilisha nini, zimenona hivi?" Akacheka. "Hizi hunywa maji ya mto. Ile nyeusi, ya maji taka." Wote wawili wakacheka, na mpishi akaendelea kuzikata. Mimi nikaweka kisu chini. Hapo ndipo nilipoamua kwamba mtoto wangu atakula mboga ambayo maji yake nimeyaona kwa macho, na kama hakuna shamba, basi shamba litatoka chini ya ufagio wa Mama Kyalo.

Sikumuomba ruhusa. Ningeomba, angekataa, na baada ya hapo kulima kungekuwa dharau. Bila kuomba kulikuwa ujinga tu, na ujinga husamehewa. Fundi mmoja wa Shauri Moyo alinifulia jembe dogo kutoka kwenye springi ya lori. Nilingoja Jumapili aende kanisani. Ule udongo ulikuwa umefagiwa na kukanyagwa miaka thelathini, ulikuwa mgumu kama ngazi ya kanisa lenyewe, na jembe liliruka likinirudia. Nilipata B ya Kilimo kidato cha nne, na hiyo B sikuwa nimeitumia popote duniani mpaka siku ile. Nikachimba. Chini nikapata vifungo vya shati, vifuniko vya soda, betri zilizooza, kijiko. Shiru alikaa kando akichagua vifuniko. Nilikuwa nimefika nusu ya uwanja, jasho mpaka kwenye viatu, mlango wa jikoni ulipofunguka na Mama Kyalo akasimama pale na kitambaa chake cheupe cha kanisani na Biblia kifuani.

"Nani amechimba kaburi kwangu?"

"Ni shamba, Mama."

"Shamba liko kwetu Makueni. Hapa ni Jericho."

"Mtoto hana damu," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, kuhusu kodi yangu na haki yangu, lakini hilo ndilo lililotoka. Akamwangalia Shiru, aliyekuwa ameketi kwenye lundo la udongo mpya, midomo myekundu kwa vumbi, anafurahia karamu. Akaingia ndani. Nikajua anaenda kuleta vyombo vyangu nje. Akarudi na ufagio, akaugeuza, akachora mstari ardhini kwa mpini, kutoka ukuta hadi ukuta. "Huku ni kwangu. Huko ni msitu wako. Nyoka akitoka huko, utamlea wewe." Akaenda kuvua kitambaa.

Tulipigana kupitia mstari huo miezi mitatu. Alifagia vumbi likatua juu ya miche yangu kama poda. Mimi nikamwagilia maji yakavuka mpaka na kumtengenezea matope. Maji yenyewe yalikuja siku mbili kwa wiki, kwa hivyo ya kuosha mchele yalikwenda kwa spinachi, ya kumwogesha Shiru yakaenda kwa sukuma, na Mama Kyalo akawaambia majirani, nami nikisikia, kwamba mpangaji wake anaogesha mboga na kupalilia mtoto. Wadudu walipoingia kwenye sukuma nilibeba majivu ya majiko ya nyama choma kutoka Burma kwenye mfuko wa plastiki, nikayapaka jani kwa jani kwa mkono, na bosi akafurahi kwamba kuna mtu anayesafisha majiko bila kutumwa. Nilifanya kila kitu kama kitabu kilivyosema: mistari, nafasi, shimo, samadi. Na kila kilichoota nje ya mstari niliking'oa. Siku moja niling'oa mlima mzima wa vitu vilivyojiotea, nikatupa kwenye pipa. Jioni nikasikia harufu ya kitunguu ikikaangwa jikoni kwake, nikachungulia. Ilikuwa terere. Terere yangu, niliyoitupa, ambayo kila mwanamke anayejua mboga huinunua sokoni. Mama Kyalo akanyanyua kichwa. "Huko shuleni walikufundisha kung'oa mboga na kupanda magugu?" Nilikuwa na aibu, na aibu kwangu hutoka ikiwa imevaa hasira. Kuanzia siku hiyo tuliongea kwa vipande. "Maji." "Kodi." "Mlango." Mtoto bado nilimwachia, kwa maana mstari ulikuwa wetu sisi, Shiru hakuchorewa mpaka. Yeye alivuka apendavyo, na alikuwa amejifunza kumwita "Susu", kama wajukuu wa Kikamba wanavyomwita nyanya yao, na hilo nalo liliniuma.

Ndiyo maana maagizo ya kliniki niliyatoa kama nilivyoyatoa. Sukuma zilikuwa tayari, nimechuma ya kwanza, majani ya chini tu ili kichwa kiendelee kukua. Nimeyapika, nimeyaweka kwenye bakuli juu ya kigoda chake, nimechelewa kazini. Nikasema nikiwa nimeshika lango, "Huyu sista amesema apewe majani. Majani mengi."

"Mengi?" akauliza.

"Mengi, Mama. Kila akila." Nikaenda. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote mwezi huo.

Nilikuwa na uhakika wa kushinda. Nataka isomeke hivyo, kwamba nilikuwa na uhakika. Mboga zilinenepa, spinachi ikawa na majani mapana kama sahani, dania ikanukia mpaka kwa jirani wa tatu, na Shiru alikula kila siku. Bakuli lilirudi tupu, limesuguliwa. Dawa ya chupa nilimpa mwenyewe asubuhi. Miezi mitatu ilipokwisha nilimvisha gauni la Krismasi nikampeleka kliniki kama mtu anayepeleka mtoto kupokea zawadi. Sista akatoboa kidole, akasoma, akatoboa kingine, akasoma tena. Haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka kidogo. "Unampa dawa?" Ndiyo. "Mboga?" Kila siku, nimelima mwenyewe. "Chai?"

"Chai ya nini?"

"Chai, mama, chai. Majani ya chai yanazuia damu. Mtoto akinywa pamoja na chakula, ile nguvu ya mboga haiingii mwilini."

"Mtoto wangu hanywi chai."

"Wote husema hivyo," akasema sista, akageuza kadi. "Nakupa wiki sita. Zikiisha hivi, kitanda."

Sikwenda kazini. Nilirudi Jericho kwa miguu, Shiru mgongoni, nikipanga matusi ya kumpa sista, kisha nikamkabidhi mtoto kwa Mama Kyalo na kuingia chumbani kwangu kukaa gizani. Saa sita mchana nikatoka. Mama Kyalo alikuwa kwenye kigoda, Shiru mapajani, bakuli la sukuma upande mmoja. Upande wa pili kikombe cha bati. Alikuwa anampa kijiko cha mboga, kisha anaegemeza kikombe mdomoni mwake, anapuliza kwanza, anaegemeza. Nikasogea. Ndani ya kikombe palikuwa na chai ya rangi nyeusi kama lami.

Nilitaka kumpiga. Naiandika kama ilivyokuwa. Nilimpokonya kikombe, nikakirusha, kikagonga mabati, na Shiru akaanza kulia. Nilisema maneno ambayo sitayarudia maana yeye leo hawezi kuyajibu. Akaningoja nimalize. Kisha akasema, polepole, "Si ulisema majani?"

"Nini?"

"Ulisimama pale langoni. Ulisema sista amesema apewe majani. Mengi. Kila akila. Nikakuuliza, mengi? Ukasema mengi." Akanionyesha mkebe wa majani ya chai dirishani. "Naweka vijiko viwili. Na hayo ni yangu. Mimi nimekuwa nikinywa maji moto, ili ya mtoto yasiishe."

Sukuma, kwake, ilikuwa mboga. Spinachi mboga, terere mboga, kunde mboga. "Majani ni ya ng'ombe na ya chai," aliniambia baadaye, akinifundisha Kiswahili kama mtoto wa chekechea. "Mtu hula mboga." Kila mtu mtaani hapa akienda dukani husema nipe majani, na muuza duka humpa pakiti ya chai, hajawahi kumpa mtu sukuma. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu kuzaliwa. Ila nilikuwa nimebana maneno kwa kiburi, nikamrushia moja badala ya matatu, na mama yule ambaye hakunipenda alilishika hilo moja na kulitii kuliko nilivyowahi kutiiwa na mtu yeyote.

Asubuhi iliyofuata sikusikia ufagio. Ukiishi na sauti kila siku huisikii. Siku isipokuja ndiyo unaamka. Nikatoka mbio nikifikiri amekufa. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, ufagio umelala miguuni, uwanja una vumbi na alama za paka.

"Nimemnywesha mtoto ugonjwa," akasema.

"Ni mimi niliyesema majani."

"Ni wewe," akakubali. Hakuwa mtu wa kukupunguzia. Kisha akasema kwa hasira, na nilifurahi kusikia hasira ile, "Sasa nitampa nini? Eh? Mtoto anaingia kwangu, namkalisha, namwangalia tu kama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima? Bila kikombe? Huyo atakuwa mgeni wa aina gani?"

Niliifikiria siku nzima nikikata vitunguu. Jioni nikapitia soko la Jericho kwa mama anayeuza miche, nikatoka na shina la mchaichai lililofungwa kwa gazeti, na kesho yake kabla ya kazi nikampelekea sista jani moja dirishani. Akalinusa. "Hili ni sawa. Lakini anywe akishakula, si badala ya chakula." Nikarudi nikamwambia Mama Kyalo, kwa sentensi kamili, yenye mwanzo na mwisho: kwamba mmea huu unaitwa mchaichai, kwamba unachemshwa kwa maji, kwamba hauna majani ya dukani ndani yake, kwamba ni chai kwa jina na heshima tu. Akaurudia, "Mchai. Chai." Akauridhia. Nikageuka kuupeleka kwenye shamba langu.

"Wapi?" akasema. Akaingia katikati ya uwanja wake uliofagiwa, karibu na mlango wa jikoni, akapigilia kisigino chini. "Hapa."

"Hapo ni upande wako, Mama."

"Kwani mimi ni kipofu?"

Nikachimba. Kesho yake ufagio ukarudi, chwaa, chwaa, na nilipofungua mlango mistari ilikuwa imenyooka kama kawaida, ila ilipofika kwenye mchaichai ilizunguka, duara ndani ya duara, kama maji yanavyozunguka jiwe. Wiki sita zilipokwisha sista alitoboa kidole mara moja tu. Damu ilikuwa imepanda. "Umefanya nini?" akauliza. Nikamwambia nimejifunza kuongea. Akadhani namfanyia mzaha. Nilipofika nyumbani Mama Kyalo alichukua kiganja cha Shiru, akakifungua, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia msitu wangu unaleta mbu.

Na mboga hakuzipenda. Hapo ndipo Kyalo anaponikera. Tulipohama, Shiru akiwa na miaka mitatu, nilisikia kwa majirani kwamba wiki haikuisha kabla hajang'oa kila kitu na kupiga ule udongo kwa miguu mpaka ukawa mgumu tena. Alifagia ukuta hadi ukuta mpaka alipougua. Nilipopita na Shiru kumsalimia, alinionyesha kwa fahari: hakuna hata jani. Isipokuwa lile shina moja. Kwa hivyo, Kyalo, bustani gani?

Baada ya wasifu na sala ya mwisho nilitoka nje. Uwanja ulikuwa haujafagiwa siku nyingi. Karatasi, maganda, alama za viatu vya watu wazima waliokuja kulia. Mchaichai ulikuwa umekua mkubwa kama mtu aliyechuchumaa. Wanawake wa chama chake cha kanisa walikuwa wanachemsha chai ya waombolezaji kwenye sufuria kubwa, na mwanamke aliyeshika mwiko akainua kichwa akaita, "Majani yameisha! Kuna mtoto wa kutuma?"

"Mimi!" akasema Shiru. Ana miaka tisa, ana miguu mirefu na mdomo kama wangu. Hakwenda langoni. Alikwenda kwenye mchaichai, akakumbatia, akavuta, akakata kwa mikono yote miwili, akarudi na fungu limemziba uso.

"We mtoto, nimesema majani."

"Si ndiyo haya?"

"Haya ni nyasi!"

"Ni majani ya Susu," akasema Shiru, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi kwa mtu mgumu kuelewa.

Mwanamke akanigeukia, mwiko juu. "Mama Shiru, hebu mwambie mtoto wako."

Maji yalikuwa yanatokota. Nikamweka mdogo begani, nikamwangalia Shiru, mashavu yake, viganja vyake vyekundu kwa kung'oa.

"Weka," nikasema. "Weka mengi."